Kiapo cha Mwaitu

Athi River
4 Januari 1998

Dada yangu Kamanthe,

Pokea salamu za mtu anayeitwa Daudi. Najua umecheka. Hata mimi mwanzoni nilikuwa nikiitwa hivyo naendelea na kazi kama kiziwi, mpaka Abdihakim akaniuliza kama masikio yangu yana ugonjwa. Sasa nimezoea. Mwaka mzima na zaidi nimekuwa Daudi, mtu wa Mwingi asiye na jamaa, na hakuna aliyeniuliza swali la pili.

Abdihakim ndiye tajiri wangu. Analeta mbuzi kwa malori kutoka Garissa, na mimi ndiye ninayewashusha, kuwanywesha na kuwatia alama ya rangi mgongoni kabla wanunuzi hawajafika. Juzi amenikabidhi ufunguo wa zizi. Anasema ananiamini kuliko shemeji zake. Nilicheka naye, kisha nikaenda nyuma ya lori nikakaa peke yangu kidogo. Tunakula kwa hoteli ya mama mmoja, Dahabo, na barua zako uzitume kwa sanduku lake la posta. Juu ya bahasha andika jina lake tu. Nikishtuka naita "Mwaitu!" kama tunavyomwita mama kwetu, na wote hapo hotelini wanacheka.

Yuko aje huyo Mwaitu? Mwambie nakula vizuri. Mkumbushe pia nililomwambia siku ninaondoka Kyandili, kwamba sikukimbia kwa sababu nina hatia. Muli alikutwa ameuawa pale kiwandani alipokuwa akilinda, kahawa ya msimu mzima imebebwa, na mimi fundi wa mashine nilikuwa na ufunguo wa pili wa lango, ambao ulikuwa umenipotea. Ungekuwa wewe ungengoja askari wakuulize kwa upole?

Niandikie. Hata kama ni habari za kuku, niandikie.

Kaka yako,
Erastus

*

Tala
12 Januari 1998

Ndugu yangu Daudi (nimecheka, ndiyo),

Habari za kuku zingoje. Askari wamefunga kesi! Wale wezi waliobeba kahawa kwa lori walipigwa risasi Nairobi kabla ya Krismasi, na magunia yenye alama ya kiwanda chetu yakapatikana kwa nyumba ya mkubwa wao. Mkubwa wa kituo alikuja barazani akasema hao ndio waliomwua Muli, wamekufa, na serikali haimtafuti mtu mwingine. Nilipiga kigelegele mbele ya watu, nikaona haya baadaye.

Lakini ndugu za Muli wakasimama. Wakasema kufuli ya lango haikuvunjwa, ilifunguliwa, na waliopigwa risasi Nairobi hawakuwa na ufunguo wa Kyandili. Hawakutaja jina. Watu wote waligeuka wakamtazama Mama. Erastus, huo mwaka umekuwa mrefu kwetu. Meza yangu ya mitumba hapa sokoni, wanawake wa Kyandili wanaipita kama nauza nyoka. Na Nzembi, mjane wa Muli, ambaye walikuwa wakipaliliana mashamba na Mama tangu sisi hatujazaliwa, siku hizi wakikutana kisimani kila mmoja anaangalia mtungi wake.

Basi Mama naye akasimama. Akasema, "Leteni kithitu. Mimi nitaapa." Wazee walikataa, wakasema pembe hiyo ya kiapo hushikwa na mwanamume. Akawaambia, "Mume wangu alikufa. Kijana wangu mmemfukuza. Mwanaume gani mwingine mnataka nilete, nimtoe wapi?" Ataapa kwamba mkono wako haukuwa katika damu ya Muli, na kama ulikuwepo, yeye afe, na baada yake sisi watu wa nyumba yake, mmoja mmoja, kama ilivyo kawaida ya kithitu. Chifu amekubali, bora iwe mchana mbele ya watu.

Mimi ningetetemeka kama nisingejua wewe ni mtu safi. Akisha kuapa, na tukaendelea kuishi, nani atasema neno tena? Utarudi umeinua kichwa. Mama ameanza kupiga lipu chumba chako.

Dada yako,
Kamanthe

*

Athi River
18 Januari 1998

Kamanthe,

Zuia jambo hilo. Sikuombi, nakuambia.

Kwanza, Mama ni mtu wa kanisa, amekaa benchi la mbele tangu nikumbuke. Wakimsikia na kithitu watamtenga na meza ya Bwana. Pili, ni mzee na moyo wake unamsumbua. Tatu, tuseme ukweli, kithitu ni kitu gani? Ni pembe kuukuu imejazwa uchafu ambao hata mwenyewe hajui ni nini. Hakiwezi kuua hata nzi. Watu waliosoma wanatuchekelea.

Na kama kinaweza, je? Umefikiria? Mama akishika kitu kama hicho aanguke palepale, nitasema nini mimi? Nimekaa bila jina mwaka mzima, naweza kukaa mwingine. Mbuzi hawaniulizi natoka ukoo gani. Mwambie sitaki kusafishwa.

Erastus

*

Tala
29 Januari 1998

Kaka,

Barua yako imenichekesha, kisha imenichanganya. Mwanzoni kithitu hakiui nzi, mwishoni kimemwua Mama. Chagua moja.

Nilimsomea yote. Unajua alifanya nini? Alitabasamu, akajifuta macho kwa kitambaa cha kichwa. Akasema, "Umesikia anavyonihurumia? Mtu mwenye hatia angeninyamazia nife." Tangu siku hiyo amekuwa mgumu zaidi. Barua yako ndiyo anaitaja kwa watu kama ushahidi wake.

Kutengwa ametengwa tayari. Mchungaji Kibe amekuja nyumbani kumsihi mara nyingi mpaka mbwa wetu hambweki tena. Mama anamwandalia chai, anamsikiliza mpaka mwisho, halafu anamwuliza, "Mchungaji, wewe uko na njia nyingine ya kumrudisha mtoto wangu?" Mchungaji anamaliza chai. Siku ya ushirika Mama alikaa nyuma karibu na mlango na wale waliozaa kabla ya ndoa. Alitoka akiwa ameshika ukuta. Nilimwonea uchungu sana.

Ingekuwa imeshafanywa, ila mahindi na maharagwe bado yako shambani, na kithitu hakiapiwi wakati wa mimea, eti kinafukuza mvua. Sasa na hii mvua ya El Nino iliyotuozesha mpaka vidole, kuna watu wanasema kije hata kesho, labda itakoma! Wazee wamekataa mzaha. Wamepanga Jumamosi tarehe 28 Februari, mavuno yakishaingia. Mwenye kithitu atatoka upande wa Kitui.

Kaka, nikuulize, maana sisi tulinyonya ziwa moja. Kuna kitu hujaniambia?

Kamanthe

*

Athi River
5 Februari 1998

Kamanthe,

Umeuliza. Basi soma hii mahali hapana mtu.

Ufunguo haukupotea. Nilifungua lango mimi. Watu wa lori walinijia wakati wa mavuno, wakanisifu, wakaniuliza fundi mzima kama mimi nitalala kwa nyumba ya mama mpaka lini. Walisema mlinzi atafungwa tu kamba, aachwe hapo mpaka asubuhi. Nilikubali upesi, na hilo ndilo linaniuma zaidi. Hawakunibembeleza sana.

Nilijaribu kumwondoa Muli. Nilimdanganya kwamba Nzembi ameshikwa na tumbo, akimbie nyumbani. Akaenda. Nikajisifu kwamba nimemwokoa. Kumbe njiani alikutana na mtu aliyetoka kwake, akaambiwa mke wake ni mzima anapika, akarudi kazini. Muli alikuwa mtu wa namna hiyo. Alipoingia lori lilikuwa linapakiwa. Mimi nilikuwa ndani, nyuma ya mashine ya kumenya, walipokuwa wakimpiga. Sikumpiga. Sikutoka pia. Mengine siwezi kuandika.

Usinikumbushe eti nimesoma. Unakumbuka lile boma la chini karibu na mto, la mzee aliyeapia mpaka wa shamba usio wake? Tulikatazwa kula mapapai yake. Yalianguka yakaoza, nyumba ikafuata, na mtoto wao wa mwisho alizikwa na watu wa kanisa kwa kukosa jamaa. Mchana najiambia ilikuwa kifua kikuu. Nikiwa peke yangu sijiambii hivyo. Mwaitu ataapa akiamini anasema kweli, lakini kithitu hakiulizi unaamini nini. Na baada yake ni wewe.

Mzuie. Jifanye mgonjwa, mwambie nimekufa, mwambie lolote utakaloona. Hili tu usimwambie. Hana mwana mwingine, na huyu niliye si yule anayempigia lipu chumba. Niachie abaki na yule wake.

Nijibu haraka. Nitakuwa nakwenda posta na Dahabo kila siku.

Erastus

*

Tala
16 Februari 1998

Kaka yangu mpendwa,

Umenyamaza. Wanasema ni barabara, eti magari ya posta yanakwama. Basi hii ikufikie hata ikibebwa na samaki, maana sijawahi kuandika barua nikiwa na furaha kama hii.

Kiapo kimefutwa. Na si mchungaji aliyekifuta, si chifu, ni Nzembi!

Alikuja jana baada ya kanisa, kwenye mvua, bila mwavuli. Mama alikuwa anasonga ugali. Nzembi akaingia jikoni bila hodi, akamshika mkono, huo wenye mwiko, akasema, "Mkono huu usishike kile kitu. Nimekaa nimefikiria. Hakuna mama anayeweza kupeleka watoto wake mbele ya kithitu kama hana hakika. Wewe uko na hakika. Mimi nimekuamini, na kama mimi mwenye maiti nimeamini, hao wengine wanataka nini?" Mama aliuachilia mwiko ukazama kwenye sufuria. Walilia wote wawili, na mimi nikalia, ugali ukaungua, na tukaula hivyo hivyo.

Leo asubuhi Nzembi alikwenda mwenyewe kwa wazee. Shemeji zake walinuna, lakini mjane akisema yametosha, yametosha. Yule mbuzi wa kiapo amechinjwa akaliwa na pande zote mbili, na fungu lako limeliwa bila wewe kuwepo. Mchungaji Kibe anasema Mama atarudi benchi lake baada ya muda kidogo.

Nzembi amesema ukirudi uanzie kwake, unywe chai kabla hujafika kwetu. Anasema alikuwazia mabaya mwaka mzima na anataka kukuomba msamaha kwa mdomo wake.

Erastus, umekwisha kuwa huru. Rudi nyumbani. Mrudishie Abdihakim mbuzi wake, umrudishie na hilo jina lake Daudi. Rudi nyumbani!

Dada yako mwenye furaha,
Kamanthe

*

Athi River
25 Februari 1998

Kamanthe,

Hujajibu. Dahabo anasema mfuko wa posta kutoka upande wenu haujafika tangu katikati ya mwezi. Nilijaribu kupiga simu kwa duka la Tala, nyaya zimeanguka. Jana nikaamua nije mwenyewe, liwalo na liwe, nije niingie katikati ya watu niwaambie. Nilifika mahali barabara imekatwa na mto. Kulikuwa na watu wengi wamesimama wakiyatazama maji mekundu, na ng'ombe mmoja alikuwa akipita juu yake amekufa. Nilingoja mpaka nikaona hakuna wa kuvuka, nikarudi.

Sijui kama uliipata barua yangu. Huenda umeipata na umemzuia. Huenda iko mfukoni mahali fulani inalowa, na Jumamosi Mama atavaa nguo yake ya kanisa, ataenda kushika kile kitu kwa ajili yangu.

Iko njia moja tu inayovuka maji wiki hii, nayo ni redio ya polisi. Nitakwenda kituoni. Nitawaambia mimi ni nani na nilifanya nini, na nitawaomba waongee na chifu wetu kabla ya Jumamosi. Mtu akienda kuomba hivyo tu, watamfukuza. Akisema ameua, watamsikiliza.

Usidhani mimi ni shujaa. Wizi wa mabavu ni kitanzi, nalijua hilo tangu zamani, na tangu nianze kuandika nimekwenda chooni sijui mara ngapi. Abdihakim nimemwambia jina langu. Alinyoosha mkono nimrudishie ufunguo, kisha akamwambia Dahabo anipe chai kabla sijaenda. Ndiyo hii iko mbele yangu, imeota utando.

Mama atajua sasa. Nilikuwa nataka azikwe bila kujua. Afadhali ajue akiwa hai.

Ndugu yako,
Erastus

*

Tala
10 Machi 1998

Erastus,

Nimechana barua mbili kabla ya hii. Ya kwanza ilikuwa matusi matupu, na ya pili ilikuwa machozi, haikusomeka.

Nikueleze ilivyokuwa. Ijumaa ile Mama na Nzembi walikuwa wameketi nje ya jikoni wakichambua maharagwe, wakicheka habari ya jogoo wetu. Chifu akatokea na askari wawili, matope mpaka magotini. Alikuwa Machakos kwenye mikutano ya mafuriko na alirudi akiwa hajasikia habari za huku. Akasema, "Mama Erastus, kesho kiapo kisifanywe." Mama akacheka, "Kiapo gani, Chifu? Si kilikwisha? Hata mbuzi tumekula." Chifu akatazama askari wake. Nadhani angeweza kugeuka akaenda, lakini alikuwa ameshaanza, na ni mtu wa kumaliza. Akasema umejipeleka polisi Athi River. Akasema umekiri kwamba ni wewe uliyefungua lango, na uliomba kwa redio mama yako asiape.

Nzembi alikuwa na maharagwe mapajani. Aliyarudisha yote kwenye ungo. Moja lilianguka, akaliokota, akalirudisha. Akafunga leso yake, akaenda. Hakumtazama Mama.

Barua zako zilifika Jumanne iliyofuata, zote mbili pamoja, na ile ya pili bado mbichi kwa maji. Nilizisoma nikiwa nimejificha nyuma ya robota za nguo. Kumbe kiapo ulichokwenda kukizuia kilikuwa kimelala kaburini siku kumi! Ungengoja kidogo tu. Barua yangu ilikuwa njiani, ilikuwa inakuja kukuambia wewe ni huru, na wewe ukaondoka. Nimekukasirikia kwa sababu ulitenda lililo sawa. Umewahi kumkasirikia mtu namna hiyo? Ni hasira isiyokuwa na mahali pa kukaa.

Nimekukasirikia pia kwa ajili ya Muli, lakini hiyo ninaielewa.

Meza yangu nimeifunga. Nitaifungua nikiweza kuwatazama watu.

Kamanthe

*

Rumande, Machakos
17 Machi 1998

Kamanthe,

Ile barua yako ya furaha ilinifikia. Dahabo aliipata mfuko wa posta ulipofika, akampa dereva wa Abdihakim, na dereva akaniletea hapa. Askari waliisoma kwanza, kama wanavyosoma hii. Mmoja wao aliponikabidhi hakuweza kunitazama. "Rudi nyumbani," umeandika.

Wenzangu wa chumba wanaona hajawahi kutokea mjinga kama mimi. Yuko mwizi wa ng'ombe kutoka Yatta ambaye kila asubuhi ananiuliza kama leo posta itaniletea msamaha wa rais, ili nikajinyonge mapema kabla haujafika. Sote tunacheka. Hapa mtu akikosa kucheka anaharibika.

Lakini nimefikiria, maana hapa kazi ni hiyo. Kama barua ingefika siku ile inayofaa, ningerudi. Ningepanda gari siku hiyo hiyo. Ningeanzia kwa Nzembi kama alivyosema, ningeketi kwenye kiti cha Muli, ningekunywa chai yake, na angeniomba msamaha. Na mimi ningemsamehe, Kamanthe. Ningesema, "Hapana neno, Mama." Ningeweza. Ningemsaidia kupanda, ningemtengenezea paa, na watu wangesema yule kijana ana moyo. Ningekaa hivyo mpaka nizeeke, na pengine mwishoni ningeamini. Hilo linanitisha kuliko hakimu.

Usidhani basi nafurahi kwamba barua ilichelewa. Wakifungua minyororo ya lango asubuhi, natamani ingefika. Natamani mpaka meno yanauma. Saa zingine za mchana sitamani. Bado sijajua nitakuwa upande gani.

Kesi itatajwa mwezi wa nne. Wakili sina.

Umenieleza Nzembi alifanya nini, na chifu, na wewe mwenyewe. Hukunieleza Mama alisema nini. Niambie hata kama ni baya.

Erastus

*

Kyandili
29 Machi 1998

Erastus,

Ni mimi mama yako. Kamanthe ndiye anaandika, na nimemwambia aandike ninavyosema, asipambe. Analia, lakini kalamu inakwenda.

Umeuliza nilisema nini. Sikusema kitu. Chifu aliondoka nikabaki nikichambua maharagwe mpaka giza likaingia, nikayapika, nikala. Siku nyingi sikuwa na neno la kusema juu yako. Nilikuwa nikiingia kile chumba chako na kutoka. Lipu imekauka vizuri.

Nikuambie nilichokasirikia kwanza. Nilisimama mbele ya watu, Erastus. Mimi ambaye hata maombi ya kanisani nilikuwa naomba kwa sauti ndogo. Nilikitoa kichwa changu na kichwa cha dada yako kwa ajili ya neno lako, na wewe ulijua, ukaniandikia habari za moyo wangu unaonisumbua. Ulikuwa umekaa na mbuzi, unajua. Nilikwenda nalo hilo shambani na kurudi nalo.

Halafu Kamanthe akaniambia unajua kesi yako inaishia wapi, na ulikwenda hata hivyo ili nisishike kile kitu. Anataka nikushukuru. Nakushukuru. Kwenda kwako kituoni ndiyo kitu cha kwanza tangu Muli afe ambacho naweza kusema mwanangu alifanya. Lakini shukrani yenyewe haina utamu mdomoni, na sitakudanganya kwamba inao.

Mchungaji Kibe alikuja akasema ni Mungu aliyezuia kile kiapo. Nilimwambia Mungu angeanza na lango. Akaomba, akaenda. Nimerudi kwenye benchi langu, ila sasa naona afadhali nikae kule nyuma.

Kwa Nzembi nilikwenda peke yangu. Nilimpelekea fungu lake la maharagwe. Aliniacha nimesimama nje ya ua kwa muda mrefu, akawa anafagia. Nilimwambia, "Uliniamini kwa sababu nilikuwa na hakika. Hakika yangu ilikuwa ya uongo." Akasema anajua sikujua. Aliniletea kigoda nikakaa. Siwezi kusema tumepatana, lakini kigoda alikileta.

Sasa anataka kuja kukuona. Nilimwambia si lazima. Akasema ana swali moja tu, hataki kulituma kwa barua, wala hataki mahakamani mbele ya watu. Anasema Muli alikupenda, alikuwa akimhadithia jinsi mashine inavyotulia ukiishika wewe. Anasema Muli akipatwa na shida pale kiwandani, wewe ndiye angekuita. Anataka umwambie kama usiku ule alikuita. Kama aliita Erastus, na aliita mara ngapi, na kama ulikuwa karibu kiasi cha kusikia.

Mimi nilitaka kumwambia hapana, huwezi kuwa ulisikia ukakaa. Mdomo ulifunguka. Nikaufunga, kwa sababu nilikwisha kusimama kukuapia mara moja.

Tutakuja Jumamosi hii, sisi wawili. Usimwambie neno la kunilinda mimi. Nitakuwa nimesimama hapo kando yake, na mimi pia nataka kusikia.

Mama yako,
Syokau